Apu ya marudio, binti wa Gredi 7 na mtu asiyemjua: kisa cha hapa Lamu

Kisa hiki ni cha hapa Lamu, wenyewe wameniruhusu nikiandike kwa sharti nisitaje jina la apu wala shule wala mtaa wala mtu, na vile vitu vidogo vidogo ambavyo vingemfanya mtu wa mui huu amtambue mtoto nimeviacha au nimevigeuza. Mji wetu ni mdogo, ukisema tu binti wa Gredi 7 anayekaa nyuma ya msikiti fulani ushamtaja mpaka na babu yake. Na hilo lenyewe ni sehemu kubwa ya kisa, kwa hivo lishike hapo.

Apu ilianza kama grupu la WhatsApp wakati wa korona, shule zilipofungwa Machi 2020. Vijana wawili wa hapa hapa, mmoja alikuwa akisomesha tyusheni na mwengine anaelewa mambo ya kompyuta, wakawa wanatuma maswali ya Hisabati na Sayansi jioni na kusahihisha kwa voisi, watoto wanajibu wakipata simu. Shule zikafunguliwa Januari 2021 lakini grupu halikufa, likazidi kukua, mpaka wakachanga pesa wakatafuta fundi wa programu Mombasa akawatengenezea apu kamili, maswali ya Gredi 4 mpaka 9, mashindano ya kila wiki, na chati ya kumuuliza mwalimu. Watoto wakaipenda sana, si wa mjini tu, mpaka wa Faza na Kiunga na Mokowe. Nayasema haya mapema manake watu wakisikia kisa kama hiki wa kwanza kupigwa mawe ni aliyetengeneza, na hawa vijana nia yao ilikuwa safi kabisa, kuna watoto ambao mwalimu wao wa Hisabati alihamishwa na hakuletwa mwengine na hii apu ndo iliwavusha. Ndo maana kisa kinauma, hakuna aliyekusudia ubaya katika kuitengeneza na bado mtoto aliumia kupitia hiyo hiyo.

Kilichotokea

Binti ana miaka 13, ana bidii sana kwa Sayansi. Siku moja akapata meseji ndani ya apu, akaunti ina jina la kike na picha ya katuni, hongera mdogo wangu, namba tatu wiki hii, shule yenu mmejitahidi. Yule mtu alikuwa anajua jina lake kamili, shule, gredi na alama alizopata, binti akaona basi huyu ni mtu wa apu, pengine mwalimu. Kwa muda wakawa wanasaidiana maswali, na majibu yake yalikuwa sawa kweli, halafu akaanza kumtumia bando, kwanza ya shilingi 20, baadaye ya 50, kwa namba ya mamake ambayo ilikuwa imeandikwa wazi kwenye profaili ya mtoto. Ilipofika hapo ndo akaomba picha. Nikuone tu mdogo wangu. Binti akatuma picha aliyopigwa na dadake uani, amevaa dera, kichwa kitupu, anacheka.

Picha yenyewe ni hiyo tu. Baada ya hapo lugha ikabadilika, tuma nyengine na sasa hivi, la sivyo hii inaenda kwa babako na kwenye grupu la madrasa.

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu watu wengi wanaotengeneza huduma za mtandaoni wanapapita mbio. Ukiuliza makampuni makubwa wanawalindaje watoto utaambiwa kuhusu mitambo ya kutambua picha. Kuna PhotoDNA iliyotengenezwa mwaka 2009, hiyo inalinganisha alama ya picha na alama za picha za unyanyasaji ambazo tayari zinajulikana, na kuna mitambo mengine inayokisia kama picha ina uchi. Ni kazi nzuri, imeokoa watoto, sitaki mtu aidharau. Lakini hakuna mtambo hata mmoja kati ya hiyo ambao ungesimamisha picha ya binti amevaa dera uani kwao. Kwa mtambo ile ni picha safi. Kwa nyumba nyingi za hapa, picha ya binti wa miaka 13 bila mtandio ikiwa mikononi mwa mtu asiyejulikana ni jambo la kumfanya mtoto asilale usiku. Kilichomtisha ni vile nyumbani watakavyopokea, na huyo mtu alilijua hilo vizuri, alikuwa anaijua pwani. Kwa hivo ukipanga ulinzi wako ukiangalia tu picha mbaya ni zipi, umeshachelewa, inabidi uangalie nani anaweza kumfikia mtoto na kumwomba chochote.

Binti alinyamaza wiki kadhaa. Baadaye alimweleza shangazi yake kwa nini, alijua akisema simu itachukuliwa na apu itafutwa, na mtihani uko karibu. Na kitufe cha kuripoti alikitafuta kweli. Kilikuwepo, ila ufungue menyu, halafu setingi, halafu msaada, kimeandikwa kwa Kiingereza manake kilikuja na kile kifurushi cha chati ambacho fundi alikinunua kikiwa tayari, ukibonyeza kinakutaka uandike jina lako, ueleze kisa, uambatanishe ushahidi, na hakisemi nani atasoma. Alifika mpaka pale akarudi. Alidhani inaenda kwa mwalimu wake wa darasa.

Aliyegundua ni binti wa ami yake aliyemkuta analia, akamwambia shangazi, shangazi akamwambia mama, na jambo la kwanza lililofanyika ni lile lile aliloliogopa, simu ikachukuliwa. La pili likawa baya zaidi. Mzazi mmoja, kwa nia ya kuwaonya wengine, akapiga skrinishoti za ile chati akazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, jina la mtoto liko juu na picha iko pale pale. Jioni moja tu waliomwona wakawa wengi kuliko wote ambao yule mtu alikuwa anamtishia nao. Akakaa siku nyingi bila kwenda shule. Mimi nikizungumza na watu kuhusu kisa hiki wote wanataka kujua huyo mtu ni nani, na ni haki yao kuuliza, lakini mtoto mwenyewe ukimuuliza nini kilimuumiza zaidi anasema ni zile skrinishoti.

Vijana wa apu kwa upande wao walifanya la sawa, waliifungia ile akaunti bila kufuta meseji, wakaenda kwa afisa wa watoto na polisi wakiwa na mama na shangazi. Laini ya simu iliyotumika kutuma bando ikaonekana imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu ambaye hata hajui. Kesi iko kwa wenyewe, hapo siandiki zaidi.

Aliingiaje

Mimi kazi yangu ni kupanga skrini, nani anaona nini, kitufe kinakaa wapi, kitu gani kiko wazi na kipi kimefungwa. Waliniita wakiwa na swali moja, huyu mtu amehaki wapi, yaani amevunja ulinzi wa apu wapi. Tukakaa na apu siku nzima tukaipitia kama vile mgeni anavyoipitia, na jibu likawa chungu, hakuhaki popote. Orodha ya washindi ilikuwa wazi kwa dunia nzima, hata bila kuingia kwenye apu, jina la mtoto la kwanza, la baba na la babu, picha, shule, gredi. Ukijisajili unachagua mwenyewe wewe ni mwanafunzi, mzazi au mwalimu, hakuna anayekuuliza. Ukishaingia unaweza kumwandikia mtoto yeyote faragha, hakuna mtu wa tatu anayejua.

Mgeni akiingia kichochoroni Langoni au Mkomani akakaa karibu na mtoto wa watu akaanza kumnong'oneza, wazee walioko barazani watamuuliza bwana wewe wa nani na wataka nini, na hawataona aibu kuuliza. Ile apu ilikuwa mtaa usio na baraza hata moja.

Na ukimuuliza fundi nani aliamua iwe hivo, hakuna. Ndo jambo ambalo nimelifikiria sana katika kisa hiki. Hakuna kikao ambapo mtu alisema hebu tumruhusu mtu yeyote amwandikie mtoto. Kifurushi cha chati kilikuja kikiwa hivo, chati za faragha zimewashwa, alama ya kijani ya yuko hewani imewashwa, walio karibu nawe imewashwa, wao wakaweka rangi zao na nembo wakaendelea. Lakini kila setingi ambayo hukuigusa mtu mwengine ameshakuamulia, na huyo mtu alikuwa anafikiria watu wazima wa nchi nyengine wanaotafutana kwa biashara au urafiki, hakuwa anafikiria mtoto wa Gredi 7. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi uingizwe tangu wakati wa kupanga mfumo na uwe ndo hali ya kawaida, yaani mtoto asihitaji kwenda kutafuta setingi ili awe salama. Na hata wakubwa wameponzwa na jambo hili hili, Septemba 2022 mamlaka ya data ya Ireland iliipiga Instagram faini ya yuro milioni 405, sehemu ya kosa ikiwa akaunti za watoto zilikuwa wazi kwa umma tangu mwanzo na namba za simu na barua pepe za watoto waliofungua akaunti za biashara zilikuwa zinaonekana.

Lile la walio karibu nawe lilinitia baridi. Apu ilikuwa inaomba lokesheni ukiifungua mara ya kwanza, ukiuliza ya nini hakuna mtu anajua, kifurushi ndo kinataka. Halafu inaonyesha mtoto fulani yuko mita 300 kutoka ulipo. Mtu anaweza kusema mita 300 si anwani. Lakini ukisimama sehemu tatu tofauti ukaandika umbali kila mara, ile miduara inakutana mahali pamoja, na katika mji ambao nyumba zimebanana kama wetu hapo pamoja ni milango miwili mitatu. Kikazimwa siku hiyo hiyo, na ruhusa yenyewe ya lokesheni ikaondolewa kabisa kwenye apu, manake kama huihitaji kumfundisha mtoto hesabu za sehemu basi usiiombe. Picha za profaili nazo zikaondoka zote, hakuna aliyezikosa isipokuwa wachache.

Kuna jambo jengine ambalo halikuhusika moja kwa moja na yule mtu lakini watoto walilileta wenyewe. Apu ilikuwa inahesabu siku mfululizo ulizocheza, ukikosa siku moja unarudi sifuri na inakuonyesha moto unazimika. Sasa nyumba nyingi hapa simu ni moja, na kama baba ni mvuvi simu inakwenda nayo baharini. Kuna mtoto wa Gredi 5 ambaye kila baba akitoka kuvua yeye alikuwa analia, na kuna wengine walikuwa wanaamka saa sita za usiku mama akilala ili wasipoteze siku zao. Na alama ya kijani inawaonyesha watu wote kwamba mtoto fulani yuko macho saa sita za usiku peke yake na simu. Ukiviweka vitu viwili hivo pamoja utaona hatari iliyokuwa inapikwa. Waingereza wana kanuni yao ya kupanga huduma kulingana na umri wa watoto, ina viwango 15, ilianza kutumika 2 Septemba 2020 na makampuni yakapewa mwaka mmoja kujirekebisha, na kiwango kimoja kinakataza mbinu za kumsukuma mtoto apunguze ulinzi wake au atoe data isiyohitajika. Sheria hiyo haifiki Lamu, lakini nilivichukua vile viwango nikavigeuza maswali na tukavipitia kimoja kimoja, na vingi vinaulizika hapa bila shida.

Idhini ya mzazi

Vijana walidhani upande huu wako sawa kwa sababu kulikuwa na kisanduku, mimi ni mzazi na nimekubali. Nani alikuwa anabonyeza? Mtoto. Simu iko mkononi mwake, mama yuko jikoni, na maandishi ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili. Lakini hata kama mama angebonyeza mwenyewe bado kazi haijaisha, na hapa watu wengi wanasoma kifungu cha 33 cha ile Sheria ya Kulinda Data nusu. Kinasema usishughulikie data za mtoto mpaka mzazi au mlezi akubali, NA iwe kwa njia inayolinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Masharti ni mawili, yote lazima. Mzazi akikubali picha na jina kamili la mwanawe vianikwe kwa dunia, idhini unayo na sharti la pili umelivunja. Faini zipo, Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na niliwaambia vijana wasiichukulie ile kesi kama onyo la karatasi tu.

Sasa idhini inachukuliwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni au madrasa, ukurasa mmoja wa Kiswahili, mtu anausoma kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma, mzazi anauliza maswali anatia sahihi. Inachosha na inachukua muda. Fomu ya kujisajili ikapunguzwa, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina la babu, dini (sijui nani aliiweka), zote nje, imebaki gredi, jina la mtoto, jina la kuchagua la kutumia nje ya darasa, na namba ya mzazi ambayo haionekani na mtu yeyote ndani ya apu.

Mvutano na wazazi

Mkutano wa kwanza baada ya kisa ulikuwa mkali na wazazi walikuwa na haki ya kuwa wakali. Wengi walitaka kitu kimoja, kila meseji ya mtoto nakala iende kwa mzazi. Mama mmoja wa makamo akanishika pale pale.

"Mwanangu, simu nimenunua mimi, bando natia mimi. Kila anachoandika nikione."

Nikamwambia, "Mama, kutaka kujua mwanao yuko salama sina ubishi nako hata kidogo. Ila nikuulize, yule binti lau angejua kila neno linafika nyumbani, angemwambia mtu?"

Akanyamaza kidogo. "Asingesema. Lakini mwanangu, hata hivi hakusema."

Na alikuwa amesema kweli, sikuwa na jibu la haraka hapo. Ndo tukaacha kubishana kuhusu nakala tukaanza kuuliza lile swali lenyewe, mtoto akibanwa leo usiku anaweza kumwambia nani bila kuadhibiwa. Hakuna mzazi aliyeweza kulijibu kwa uhakika, wala mimi.

Tukaamua kuwauliza watoto. Nashangaa jinsi tunavyokawia kufika hapo, wakati Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ambao Kenya iliuridhia 1990 unasema kifungu cha 12 mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na Umoja wa Mataifa walipoandika maelezo yao namba 25 ya mwaka 2021 kuhusu haki za mtoto mtandaoni walizungumza kwanza na mamia ya watoto wa nchi mbalimbali. Sisi tulikaa nao baada ya alasiri, wasichana peke yao na ustadha wao, wavulana peke yao, tukawapa karatasi wachore apu wanayoitaka, na hatukumuuliza mtu yeyote habari za kile kisa.

Walisema mambo ambayo hatukuyatarajia. Wavulana wa Gredi 8 walisema tusiangaliwe kama wezi. Wasichana walisema wanataka kujua nani mtu mzima yuko ndani ya chumba, waone jina lake, asiwe anasoma kimya kimya. Na walikataa kabisa pendekezo letu la kuwapa majina ya namba kwenye orodha ya washindi, kijana mmoja akasema mimi nikishinda nataka ijulikane ni mimi. Alikuwa sawa. Ukimficha mtoto kila mahali kwa jina la kumlinda unamnyima sifa aliyoitolea jasho, na kumheshimu mtoto ni pamoja na kumpa sifa yake. Basi ikawa hivi, darasani kwao wanaona majina halisi, wanajuana hata hivo, nje ya darasa wanaonekana kwa jina walilolichagua, na hapo walifurahi wenyewe, wavulana wakachukua samaki, Nguru, Kolekole, Changu, wasichana wengi wakachukua maua, Asumini, Kilua. Cheti cha ushindi kinachapishwa kwa karatasi na kusomwa mbele ya darasa.

Chati ya faragha kati ya mtu mzima na mtoto haipo tena, kwa mtu yeyote, hata kwa wale vijana wenyewe. Swali linaulizwa kwenye chumba cha darasa na kila chumba kina watu wazima wawili waliothibitishwa na shule uso kwa uso, majina yao yako juu. Gredi 4 na 5 hawana chati kabisa, maswali tu, wakikua wanafunguliwa kidogo kidogo kwa kadiri ya uwezo wao. Mzazi anaona mwanawe yuko vyumba gani, watu wazima ni nani, ametumia muda gani, na anaweza kufunga akaunti wakati wowote, lakini hasomi maneno, na mtoto kwenye skrini yake anaona wazi kwamba mzazi anaona haya na haya. Mama yule wa makamo hakuridhika sana. Alisema atajaribu aone. Nilimshukuru, manake asingekuwa yeye tungeendelea kubishana kuhusu nakala mpaka leo.

Kitufe

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kitufe, na ndo ninayojivunia katika haya yote. Kimetolewa chini ya setingi kimewekwa pembeni ya kila meseji, kwa Kiswahili, maneno waliyoyachagua watoto: "Hii siitaki". Ukibonyeza mara moja meseji inatoweka machoni pako, yule mtu hawezi kukuandikia tena, na nakala inahifadhiwa bila wewe kupiga skrinishoti wala kueleza chochote. Halafu inakuuliza tu, unataka mtu mkubwa akusaidie? Ukisema hapana inakubali. Ukisema ndio inakuonyesha watu, ustadha fulani, mwalimu fulani, afisa wa watoto, unachagua mwenyewe, na inakuambia kabla hujabonyeza nani atasoma, atafanya nini, na kwamba akaunti yako haifungwi na alama zako hazipotei. Chini pana 116, simu ya msaada kwa watoto, bure, usiku na mchana.

Kuna baba aliuliza kwa nini mtoto aruhusiwe kumwambia mtu wa nje kabla ya mzazi, na swali lake lilikuwa la heshima. Nilimjibu kwamba kifungu cha 33 chenyewe kinasema anayetoa huduma ya ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto peke yake anaweza asitakiwe idhini ya mzazi, kwa sababu kuna watoto ambao hatari yao iko ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na utafiti ambao ECPAT (shirika linalopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF walitoa mwaka 2021 kuhusu Kenya ulionyesha kwamba mara nyingi mtoto anayedhuriwa kupitia mtandao anamjua aliyemdhuru, na wachache sana wanafika polisi au kupiga simu ya msaada. Ukimlazimisha mtoto apite mlango mmoja tu, wale ambao mlango huo ndo tatizo umewafungia.

Kuhusu zile skrinishoti za magrupu, apu haiwezi kuzuia mtu kupiga picha skrini yake, hilo tulikubali. Lakini sasa anayeshughulikia kisa anaona jina la kuchagua tu, jina halisi linafunguliwa na watu wawili kwa pamoja wakati kuna haja, na wazazi wameelezwa kwamba ushahidi unapelekwa kwa afisa au polisi, hausambazwi na haufutwi. Binti mwenyewe aliomba akaunti yake ya zamani ifutwe yote isipokuwa kile kilichoko polisi, na imefutwa. Za wengine zitafutwa mtoto akimaliza Gredi 9, bila kusubiri aombe.

Yaliyobaki

Simu moja nyumba nzima bado inatusumbua. Kaka mdogo anafungua akaunti ya dadake, au jibu linatokea juu ya skrini mama akiwa dukani na watu wanasoma. Notifikesheni zimebadilishwa, hazionyeshi maneno wala jina la chumba, inasema tu una jibu jipya, na kila mtoto anaingia kwa kuchagua picha nne kwa mpangilio wake, watoto wadogo wanazikumbuka vizuri kuliko paswadi. Inasaidia ila haijamaliza.

Halafu kuna kifurushi cha chati. Kilipofanyiwa updeti kikairudisha ile alama ya kijani bila kumuuliza mtu, bahati nzuri fundi aliiona asubuhi. Sasa kila updeti inapitishwa kwanza kwenye simu ya majaribio yenye akaunti ya mtoto wa Gredi 6, wanaipitia setingi moja moja na orodha mkononi kabla haijafika kwa watoto, na wameanza kutafuta pesa za kukiacha kile kifurushi na kuandika chati yao wenyewe.

Na Kiunga bado hatujapata mtu mzima wa pili aliyethibitishwa. Chumba cha huko kimefungwa mpaka apatikane, watoto wanafanya maswali na kusahihishiwa kwa karatasi ya majibu, wameshauliza mara nyingi chati itafunguliwa lini, na wamejibiwa ukweli kwamba anatafutwa mtu.